Ndoo Arobaini kwa Ndoo Moja

Basi la kutoka Boston kwenda Burlington hukata kama kilomita 350, na siku ile lilipita katika hali ya hewa ya namna tatu. Boston tuliiacha mvuani. New Hampshire mvua ikageuka theluji, ikatuandama milimani. Tulipovuka mto Connecticut pale White River Junction na kuingia jimbo la Vermont, mawingu yakafunguka, jua likapiga juu ya theluji mpaka macho yakauma. Bibi mmoja aliyekaa kiti cha mbele akamwambia dereva, "Leo yatatoka." Dereva akaitikia kuwa usiku kuliganda vizuri, kwa hiyo yatatoka kweli. Hakuna abiria aliyeuliza ni nini kitakachotoka.

Ni maji ya mepoli. Mepoli sukari, ambayo wataalamu wa mimea huiita Acer saccharum, ni mti mkubwa wa misitu ya mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Mwishoni mwa majira ya baridi, kabla haujachipua, mti huu ukitobolewa hudondosha maji maangavu yenye sukari kidogo sana. Maji hayo yakichemshwa mpaka karibu yote yaishe, hubaki shira ya rangi ya kaharabu ambayo Wamarekani huimwaga juu ya chapati zao nene za asubuhi. Vermont, jimbo lisilofikisha hata watu milioni moja, hutoa karibu nusu ya shira yote ya Marekani. Jirani yake wa kaskazini, Quebec nchini Kanada, hutoa peke yake takriban asilimia 70 ya shira ya dunia nzima.

Wazalishaji wakubwa wana mabomba ya plastiki yanayopita mti hadi mti kwa kilomita nyingi, pampu za kuvuta na mitambo ya kuchuja. Safari hii ilikuwa ya kuwatazama wadogo: watu wenye miti kadhaa nyuma ya nyumba, ndoo, na kuni.

Nilifikia Winooski, mji mdogo ulioshikana na Burlington, kwa mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwetu Mombasa ni dada na basi. Winooski imepokea wakimbizi wengi kwa miaka mingi, na ngazini mwa jengo anamokaa dada Kiswahili kinasikika kwa lafudhi ya Bukavu na ya Bujumbura kabla hujasikia cha pwani. Dada alinikaribisha kwa chai, akaniuliza habari za nyumbani mmoja mmoja, kisha akaingia kwenye hoja.

"Kwa hiyo umetoka kote huko kuja kutazama watu wakichemsha maji?"

"Ndiyo, dada."

"Haya. Kesho shemeji yako atakupeleka kwa mzee. Vaa buti, si hivyo viatu vyako."

Mzee ni mstaafu aliyekuwa akiendesha basi la shule, na anakaa Jericho, mwendo wa nusu saa kwa gari kuelekea mlima Mansfield. Jericho ina sifa moja ulimwenguni: ndiko alikoishi mkulima Wilson Bentley, ambaye mwaka 1885 alifunga kamera kwenye hadubini akapiga picha ya chembe ya theluji, kisha akaendelea kupiga nyingine maelfu hadi alipofariki mwaka 1931. Mji jirani, Underhill, una kituo cha Chuo Kikuu cha Vermont kinachoshughulikia mepoli tu. Kwa hiyo mtu wa huku akikueleza habari za barafu na miti, inafaa kusikiliza.

Miti ya mzee ni kumi na miwili. Aliichagua na kuitia alama za rangi wakati wa vuli, majani yalipokuwa bado mekundu na ya manjano, kwa sababu mti usio na majani humchanganya hata mzoefu. Anayechelewa mpaka theluji ianguke hana budi kusoma matawi. Mepoli huotesha matawi yake mawili mawili, yakitazamana, wakati miti mingi ya msitu ule huyaotesha kwa kupishana. Kisha hutazama macho ya chipukizi: ya mepoli sukari ni ya kahawia na yana ncha kali, ya mepoli nyekundu ni mekundu na ya mviringo. Mepoli nyekundu nayo hutoa shira, ila sukari yake mara nyingi ni kidogo, na huchipua mapema na kuharibu ladha.

Mti hauguswi mpaka shina lifikie unene wa sentimita 25 hadi 30 kwenye usawa wa kifua. Kwa mepoli ya msituni hiyo ni kama miaka 40 ya kukua. Mtu anayepanda mche leo anawapandia wajukuu, na mzee alisema hivyo bila kuonyesha kwamba kuna jambo la ajabu ndani yake.

Kutoboa kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Kekee ya milimita nane huingia kama sentimita nne au tano, ikipandishwa kidogo ili tundu literemkie nje. Mzee hutazama unga unaotoka: mweupe wa maziwa ni ubao hai, wa kahawia ni ubao uliokufa, na hapo husogea mahali pengine. Kisha huchomeka mrija wa chuma na kuugonga taratibu kwa nyundo huku akisikiliza. Mlio ukibadilika na kuwa mzito, huacha, maana pigo moja zaidi laweza kupasua ubao na maji yakavujia pembeni msimu mzima. Ndoo hutundikwa kwenye ndoano ya mrija, ikafunikwa kifuniko kisiingie mvua wala wadudu.

Matone yalianza kabla hajamaliza kufunika ya kwanza. Nilikinga kiganja nikaonja. Ni maji. Baridi, safi, na baada ya kumeza ndipo utamu mdogo unapojitokeza nyuma ya ulimi, na mtu asiyeambiwa angeupuuza.

Kinachosukuma maji hayo kimewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne. Mwaka 1903 kituo cha utafiti wa kilimo cha Vermont kilitoa taarifa ndefu ya C. H. Jones, A. W. Edson na W. J. Morse kuhusu mtiririko wa mepoli, na bado inatajwa. Mti kama wa mbetula husubiri mizizi iyasukume maji juu. Mepoli ina hila yake. Nyuzi za ubao wake, zile zinazozunguka mishipa ya maji, zimejaa hewa. Usiku joto linaposhuka chini ya sifuri, barafu hujijenga ndani ya nyuzi hizo, hewa ikabanwa, na maji yakavutwa juu kutoka ardhini. Asubuhi jua likipasha shina, barafu huyeyuka, hewa iliyobanwa hutanuka, na shina zima huwa na mgandamizo mkubwa kuliko nje. Popote penye jeraha, liwe la kekee au la tawi lililovunjika, maji hutoka.

Kwa hiyo kunahitajika usiku wa kuganda na mchana wa kuyeyuka, kwa kupokezana. Baridi ikishika siku nzima, ndoo hukaa kavu. Joto likikaa usiku kucha, mtiririko hufifia na kukoma. Sukari yenyewe ilitengenezwa na majani kiangazi kilichopita, ikawekwa shinani kama wanga, na baridi ndiyo huirudisha kuwa sukari. Mzee hufungua utabiri wa hali ya hewa kabla hajafungua barua zake.

Msomaji wa Iringa au Njombe ataona kama anakijua kisa hiki. Mgema wa ulanzi hukata ncha ya chipukizi la mwanzi wakati wa mvua, hufunga mbeta, chombo chake cha kukingia, na kurudi asubuhi na jioni kuchonga upya. Njia zao huachana baada ya ndoo kujaa. Ulanzi huachwa uchachuke na ndiyo raha yake. Maji ya mepoli yakianza kuchachuka ni hasara, na anayefuga miti kumi na miwili huyatunza kama maziwa mabichi: kwenye baridi, ndani ya mapipa safi yaliyofukiwa kwenye theluji, na kwa siku chache tu. Asubuhi akikuta tabaka la barafu juu ya ndoo hulitoa na kulitupa. Barafu hiyo karibu yote ni maji matupu. Sukari imebaki chini, na kila kipande anachotupa kinampunguzia kuni.

Maana hapa ndipo hesabu inapoumiza. Jones huyo wa taarifa ya 1903 aliwaachia wagema kanuni wanayoitumia mpaka leo: chukua 86, gawanya kwa asilimia ya sukari iliyomo, utapata ndoo ngapi za maji zinahitajika kwa ndoo moja ya shira. Maji ya kawaida yana sukari asilimia mbili. Jibu ni 43. Watu husema arobaini ili wasijikatishe tamaa.

Tundu moja hutoa kama lita 40 za maji kwa msimu, yaani lita moja ya shira au pungufu. Miti kumi na miwili, basi, msimu mzuri ni lita kumi na moja hivi, na kwa ajili hiyo zaidi ya lita 450 za maji lazima zigeuzwe mvuke. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka kwenye baridi ya barafu ni nusu ya hadithi, tena nusu ndogo: kuigeuza yote mvuke baada ya kuchemka kunakula moto zaidi ya mara tano ya ule wa kuichemsha. Wakulima wenye majiko ya zamani ya kuni hukadiria kuwa rundo la kuni la meta za ujazo 3.6 hutoa kama lita 95 za shira. Jiko la uani hufuja zaidi. Anayenunua kuni zake hana sababu ya kiuchumi ya kufanya kazi hii, na nadhani ni vizuri jambo hilo liwekwe wazi, kwa sababu makala nyingi za mambo ya nyumbani huuza ndoto ya kujitegemea na kulificha rundo la kuni nyuma ya picha.

Jiko la mzee ni matofali ya saruji yaliyopangwa kwa umbo la pango refu, bila udongo wala sementi, na bomba la moshi limesimamishwa mwisho wake. Juu zimelazwa trei tatu za chuma kisichoshika kutu, za aina inayotumika kwenye majiko ya hoteli kupashia chakula. Maji mapya humiminwa kwenye trei ya nyuma, yakapashwa kwanza, kisha huhamishwa kwa upawa kwenda mbele kadiri yanavyopungua. Trei lazima iwe pana na maji yawe ya kina kifupi. Sufuria ndefu ni adui. Uso wa maji ndio unaotoa mvuke, si kina chake.

Zamani alichemshia jikoni. Mvuke wa lita nyingi ulipanda ukutani, ukalowesha karatasi zenye maua zilizobandikwa na mama mkwe wake, na alfajiri moja karatasi hizo zilikuwa zimelala sakafuni. Mkewe alimwonyesha mlango, yeye na sufuria zake. Kisa cha namna hiyo kipo karibu katika kila nyumba ya Vermont iliyowahi kujaribu.

Siku ya kuchemsha ni ndefu na haina tamthilia. Kuni za msonobari, zilizopasuliwa nyembamba ili ziwake upesi, huingizwa kila baada ya dakika chache. Povu likipanda, mzee hudondosha tone la siagi, nalo hushuka papo hapo. Wahenga wao walining'iniza kipande cha mafuta ya nguruwe juu ya karai kwa kazi hiyo hiyo. Shemeji aliposikia hivyo alinitazama, akamwomba mzee ahakikishe kuwa leo ni siagi.

Mchana ulipoegemea, trei tatu zikawa moja, na kilichokuwa maji kikawa kitu kizito cha rangi ya chai ya rangi. Hapo mzee alikihamishia ndani ya nyumba, kwenye jiko la gesi, kwa sababu hatua ya mwisho haivumilii moto usiotii. Asubuhi alikuwa amechemsha maji ya bombani ili kujua siku ile yanachemka kwenye nyuzi ngapi, kwani mgandamizo wa hewa na mwinuko wa mahali hubadilisha kiwango hicho. Shira huwa tayari ikifika kama nyuzijoto nne za Selsiasi juu yake, yaani karibu 104 kwa mtu wa usawa wa bahari. Ikiwa pungufu, itaota ukungu chupani. Ikizidi, itaganda fuwele chini. Sheria ya Vermont inataka sukari asilimia 66.9. Mzee ana kipimajoto na ana haidromita, lakini nilimwona akichota kwa upawa bapa na kuuinamisha. Tone moja moja, bado. Matone yalipoungana ukingoni yakaanguka kama utando mmoja, alizima gesi.

Ilichujwa ingali moto kwenye mfuko mzito wa sufi. Kilichobaki mfukoni ni mchanga mwororo wa kijivu, madini ya mti wenyewe yaliyoshindwa kubaki kwenye maji machache. Hauna madhara, ila hukwaruza ulimi.

Wenyeji wa kale wa misitu hii, Waabenaki wa Vermont na Waanishinaabe wa kwenye Maziwa Makuu ya huko, walijua kazi hii kabla ya walowezi. Walikinga maji kwa vyombo vya gome la mti wa mbetula, wakatumia barafu kuyapunguza, na wakafikia sukari kavu, inayobebeka na kudumu mwaka mzima. Walowezi wakaja na masufuria ya chuma, na wao vilevile kwa muda mrefu walitengeneza sukari ya vipande zaidi ya shira.

Kuna wakati sukari hiyo ilibeba siasa nzito. Mwaka 1791 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia alimwandikia Thomas Jefferson waraka mrefu akitumaini mepoli ingepunguza haja ya sukari ya miwa ya visiwa vya Karibi, iliyolimwa na watumwa. Jefferson, ambaye mwenyewe alimiliki watumwa mamia, alipita Vermont mwaka huo, akavutiwa, akaagiza miche 60 ya kupanda shambani kwake Virginia. Haikustawi.

Karne ya ishirini ilileta wageni wa aina nyingine. Mwaka 1932 Scott Nearing, mchumi aliyefukuzwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1915 kwa misimamo yake, alihamia kusini mwa Vermont na Helen, aliyekuja kuwa mkewe. Sukari ya mepoli ikawa zao lao la biashara, na mwaka 1950 walitoa kitabu kizima juu yake. Vijana wengi wa mjini walihamia mashamba baadaye wakiwa na vitabu vya wawili hao mkobani.

Na ukidhani shira ni jambo la wazee na uani tu, Quebec itakurekebisha. Huko chama cha wazalishaji huweka akiba ya mapipa ili bei isiyumbe msimu mbaya, na mwaka 2012 wakaguzi waligundua kuwa mapipa mengi yamejazwa maji. Karibu tani 3,000 zilikuwa zimeibwa kidogo kidogo, zenye thamani ya dola za Kanada zipatazo milioni 18. Mzee hukisimulia kisa hicho kwa furaha ya mtu asiyepoteza hata kikombe.

Kabla hatujaondoka alichemsha upya kikombe cha shira, akaimwaga nyuzi nyuzi juu ya bakuli la theluji safi. Iligeuka utepe laini wa kutafuna. Pembeni aliweka donati na tango la siki, kwani ndivyo inavyoliwa huko: utamu, kisha kachumbari ya kuukata, kisha utamu tena. Shemeji alikula matango mengi kuliko shira.

Shira ya mwanzo wa msimu ni nyeupe nyeupe na nyepesi kwa ladha. Kadiri siku zinavyopata joto, vijidudu huivunja sukari ya ndani ya maji, na jiko huipa rangi nzito zaidi na ladha ya kuungua kidogo inayopendeza. Sokoni ina madaraja manne, kutoka ya dhahabu hadi nyeusi sana. Zamani nyeupe ndiyo iliyohesabiwa bora, ikikaribia sukari ya dukani kwa upole. Mimi nasimama na nyeusi. Ile ya dhahabu ni tamu tu.

Msimu hukoma macho ya chipukizi yanapovimba. Maji ya baada ya hapo hutoa shira yenye harufu mbaya, na hakuna uchemshaji unaoiondoa. Mzee hung'oa mirija kwa nyuma ya nyundo na hazibi tundu kwa kitu chochote; mti mzima wa afya hulifunga wenyewe kwa mwaka mmoja au miwili. Mwakani atatoboa pengine, pembeni na juu zaidi, mbali na kovu.

Alitupa chupa moja, nyeusi. Jumapili dada alipika kaimati, akasema hana haja ya kupoteza sukari ya dukani wakati shira iko mezani. Akaichemsha tena mpaka ikazidi nyuzi 115, akazitia kaimati, akazigeuza geuza. Ilishika vizuri, ikaganda juu yake kama ganda jembamba la kahawia, na harufu ya moshi wa Jericho ikajaa nyumba. Majirani wa Bukavu waliitwa. Watoto walikula mpaka sinia likabaki tupu, ndipo yule mkubwa akalalamika kuwa mama yake amesahau iliki.